Mswada wa Mwanamuziki: Habari za Kinasa Sauti, Kutoka Bombay Hadi Mfukoni

Sisi tunaoandika tuna bahati moja ambayo wenzetu wapiga muziki hawana. Ukiandika sura ya kwanza ya riwaya ikakushinda, unaiweka chini ya godoro. Baada ya wiki mbili unaitoa, unaisoma kama imeandikwa na mtu mwingine, unakata sentensi tatu na kuokoa moja. Huo ndio mswada. Je, mpiga gitaa? Alichokipiga saa mbili usiku, kikishatoka kwenye nyuzi kimekwenda. Kesho yake ukimwuliza, "Ile ya jana uliipiga vipi?" anakuna kichwa. Mswada wake umechukuliwa na upepo.

Nayasema haya kwa sababu mimi ndiye mtunga maneno wa kikundi cha vijana wanane hapa Dar es Salaam. Hatuna jina, na hatujawahi kupiga kwenye ukumbi wa kiingilio. Mfuko wetu una fedha za kufanya jambo moja tu. Wapo wanaotaka tulipie studio siku moja, turekodi wimbo mmoja, tuupeleke redioni. Wapo, nami nimo, wanaotaka tununue kinasa sauti cha kubebeka ili tunase kila zoezi. Na wapo wanaotucheka wote: "Kaka, mashine ya nini wakati kila mtu ana simu?" Ubishi umefika mahali ambapo mpiga besi wetu ametishia kujitoa. Basi badala ya kupayuka, nimekwenda kuzitafuta habari za mashine hizi tangu zamani. Niliyoyakuta nayaweka hapa, maana najua hatuko peke yetu.

Kuvuka bahari kwa ajili ya dakika tatu

Ndugu msomaji, jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba mashine ya kunasa sauti haikuzaliwa kwa ajili ya muziki. Thomas Edison alipoivumbua fonografu kule Marekani mwaka 1877, kazi aliyoiweka mbele alipoorodhesha matumizi yake ilikuwa kuandikisha barua: bosi aseme, mashine ishike, karani aandike. Muziki uliingia baadaye kwa mlango wa nyuma. Likumbuke jambo hili, kwa sababu litajirudia.

Kwa sisi wa pwani, historia inaanza kuwa tamu mwaka 1928. Mwaka huo Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba na kupanda hadi akawa sauti ya Unguja nzima, alisafiri na wapigaji wake hadi Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya Gramophone, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake katika Wasifu wa Siti binti Saad, na kila kijana anayetaka kuandika naomba akitafute kitabu hicho. Hapa nataka tutazame jambo moja tu: ili msanii wa Unguja aisikie sauti yake mwenyewe, ilibidi avuke Bahari ya Hindi. Mashine haikuweza kumfuata, yeye ndiye aliyeifuata mashine.

Na alipoifikia, mashine ilimpa masharti. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 inayozunguka mara 78 kwa dakika ulibeba kama dakika tatu. Taarabu, ambayo barazani inakwenda taratibu, mwimbaji anarudia ubeti kadiri watu wanavyotunza na kushangilia, ikabidi ibanwe humo. Kwa hiyo tunaposikiliza santuri za zamani tusidhani tunasikia jinsi watu walivyopiga. Tunasikia jinsi walivyopiga mbele ya mashine yenye dakika tatu.

Mwaka huohuo wa 1928, kule Ujerumani, mtu aitwaye Fritz Pfleumer alipata hataza ya ukanda wa karatasi uliopakwa unga wa chuma, uweze kushika sauti kwa sumaku. Nia ya kunasa sauti kwa sumaku ilikuwapo tayari. Valdemar Poulsen wa Denmark aliifanya kwa waya wa chuma mwaka 1898. Lakini ukanda ndio uliofungua njia. Mwaka 1935 kampuni ya AEG ilionyesha mjini Berlin mashine yake ya Magnetophon. Ukanda ulikuwa na mambo mawili ambayo santuri haikuwa nayo: unaweza kunasa kwa muda mrefu, na ukikosea unafuta unaanza upya. Naam, kwa mara ya kwanza mwanamuziki akapata kifutio.

Gari la Hugh Tracey

Baada ya Vita Kuu ya Pili mashine zikaanza kusafiri, ingawa kwa shida. Mwingereza Hugh Tracey, aliyeishi Afrika Kusini, alizunguka nchi nyingi za Afrika akinasa muziki, na mwaka 1950 na 1952 alipita huku kwetu Afrika Mashariki. Alibeba mitambo yake kwenye gari pamoja na jenereta ya kuiendesha. Mara nyingi aliishika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza kutoka kwa mpigaji mmoja hadi mwingine, kama mtu anayemulika tochi gizani.

Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville huko Katanga, mji ambao sasa unaitwa Likasi, alimkuta kijana wa miaka ishirini na kitu anayepiga gitaa kavu kwa vidole. Kijana huyo ni Mwenda Jean Bosco. Hakuwa na bendi wala mkataba. Alikuwa karani, gitaa alilipiga baada ya kazi, kwa lugha ya leo tungesema msanii wa mtaani. Alichokinasa Tracey, ukiwamo wimbo uitwao Masanga, kilitoka kwenye santuri na kusikika mbali na Katanga. Baadaye Mwenda akafika hadi Nairobi, na wapiga gitaa wa Kenya wakakaa chini kujifunza vidole vyake.

Wenzangu wa studio watasema, "Umeona? Alirekodiwa akatoka." Sawa. Lakini hebu jiulize: kama gari lile lingepita mtaa wa pili? Jadotville ilikuwa imejaa vijana wenye magitaa. Mmoja alikutwa. Waliobaki walipiga vizuri au vibaya, hatutajua kamwe, kwa sababu mashine haikuwa yao. Ilikuwa ya mgeni aliyekuja na kuondoka. Hilo ndilo funzo la kwanza nililolipata: mashine ya kubebeka si ile yenye mpini. Ni ile iliyopo pale mnapopigia, siku mnayopiga.

Wakati huo huo Uswisi, mhandisi kijana mzaliwa wa Poland, Stefan Kudelski, alikuwa akitengeneza mashine ya kweli ya kubeba begani. Ya kwanza ilitoka mwaka 1951, akaiita Nagra, neno ambalo kwa Kipolandi ni kama kusema "itanasa". Nagra III ya mwaka 1958 ilitumia transista na betri kubwa za tochi, na ikawa kipenzi cha watu wa redio na filamu. Ilinasa vizuri mno. Lakini bei yake ilikuwa ya mashirika. Kijana wa Jadotville au wa Kariakoo angeiona kwenye bega la mtangazaji tu.

Kipande cha mbao

Mabadiliko yaliyotugusa sisi wa kawaida yalianzia kwenye kipande cha mbao. Lou Ottens, mhandisi wa kampuni ya Philips ya Uholanzi, alikata mbao iliyoweza kuingia kwenye mfuko wa koti lake. Akasema kinasa sauti wanachokitengeneza kiwe kama hiki. Mwaka 1963, kwenye maonyesho ya redio mjini Berlin, kikatoka: Philips EL 3300, na ndani yake ile kanda ya kaseti tunayoijua wote. Utepe wake ulikuwa na upana wa milimita 3.81, ukitembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Linganisha na mikanda ya studio, yenye upana wa milimita 6 na ushee na kwenda sentimita 38 kwa sekunde. Ukanda mwembamba unaokwenda pole hushika sauti kidogo na mvumo mwingi. Haikuwa ajabu: kaseti nayo ilikusudiwa maneno, barua na mahojiano. Muziki, kwa mara nyingine, ukaingia kwa mlango wa nyuma.

Philips wakakubali kampuni nyingine zitengeneze kanda hiyo bila malipo ya haki, alimradi zifuate vipimo vilevile. Ndiyo maana kanda iliyonaswa Mombasa ilichezwa Tanga, Bujumbura na Muscat bila matata. Ottens amefariki mwaka 2021, na nadhani ni watu wachache waliobadilisha muziki wa Waswahili kama yeye, ingawa hakupiga noti hata moja.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu ya muda. Nyimbo za bendi zetu za dansi zina sehemu mbili: mwanzo wa pole pale mwimbaji anapotoa kisa, halafu chemko, magitaa yanaposhikana na watu kuinuka. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilizikata vipande, sehemu ya kwanza upande A na ya pili upande B. Kaseti ya dakika 60 ilikupa nusu saa bila kugeuza. Wimbo mzima ukaingia na chemko lake. Kule Mombasa na Unguja taarabu ya harusini ikanaswa kanda kwa kanda, pamoja na vigelegele na kelele za watoto, kisha zikanakiliwa na kuuzwa madukani. Mambo ambayo hayakuweza kuingia katika dakika tatu za Bombay sasa yaliingia.

Hapa bara, kwa miaka mingi bendi ikitaka kurekodi rasmi ilikwenda Radio Tanzania Dar es Salaam. Hazina iliyobaki pale, ambayo leo iko chini ya TBC, ni mali ya taifa, na nisingependa mtu aidharau. Lakini ni hazina ya nyimbo zilizokamilika. Mazoezi yaliyozizaa hayamo. Ukitaka kujua wimbo fulani ulianza vipi, nani alileta mdundo, ubeti gani ulitupwa, huwezi kuvisikia pale. Ni sawa na kuwa na vitabu vyote vya mwandishi bila hata ukurasa mmoja wenye mistari iliyokatwa.

Mashine iliyokuwa ikidanganya

Nisije nikaisifia kaseti kupita kiasi. Redio kaseti nyingi za nyumbani zilikuwa na tabia mbili mbaya, na kila anayechagua mashine leo afadhali azijue, maana hazijafa.

Ya kwanza ni kasi. Betri zikichoka, mota ilikwenda pole. Mkinasa zoezi kwa betri zilizochoka kisha mkasikiliza kwa betri mpya, gitaa linatoka juu kuliko lilivyopigwa. Kijana anayejifunza kwa kanda hiyo atakaza nyuzi zake kufuata uongo. Mashine chache zilitibu ugonjwa huu. Walkman maarufu ya Sony ya mwaka 1979 haikunasa kabisa: ilitokana na mashine ya waandishi wa habari ambayo sehemu yake ya kunasia ilikuwa imeondolewa. Dunia nzima ikapata mashine ya kusikiliza wengine, si ya kujisikiliza. Lakini mwaka 1984 Sony hao hao wakatoa WM-D6C, ndogo ya mkononi, yenye kristali ya kushikilia kasi kama ya saa na kitufe cha kuzungusha ili uweke kiwango cha sauti mwenyewe.

Kitufe hicho ndicho kinachotuleta kwenye tabia ya pili. Redio kaseti ya kawaida haikukuachia kiwango, ilijipangia. Ikisikia kimya ilijiongeza, ikisikia kishindo ilijipunguza. Kwa mtu anayesema peke yake hilo ni jema. Kwa muziki ni balaa. Tumba likipigwa, sauti ya mwimbaji inazama kama mtu aliyesukumwa kisimani, kisha inapanda polepole na mvumo wake. Sehemu ya pole na sehemu ya chemko zinatoka sawasawa. Bendi ikijisikiliza inaambiwa kwamba haina tofauti ya pole na kali, hata kama usiku ule waliifanya vizuri. Mashine haikunasa zoezi, imelihariri.

Diski zilizokufa na kadi zilizobaki

Mwaka 1987 ikaja DAT, kanda ndogo ya kidijitali yenye sauti safi kama ya diski ya CD. Lakini kichwa chake cha kuzunguka kiliogopa unyevu, na sisi wa pwani tunajua unyevu ni nini. Mwaka 1992 Sony wakaleta MiniDisc, diski ndogo ndani ya kasha, ya dakika 74. Wapiga muziki wengi wa Ulaya na Marekani waliipenda kwa mazoezi: nyepesi, haina mvumo, unaruka kutoka wimbo hadi wimbo. Kasoro yake ilikuwa mlangoni. Kwa miaka mingi sauti uliyoinasa mwenyewe hukuweza kuihamishia kwenye kompyuta kama faili. Ilibidi uicheze mwanzo hadi mwisho ukiinakili upya. Ilikuwa sauti yako kwenye kasha la watu. Sony wameacha kutengeneza diski hizo za kunasia mwaka 2025. Aliyeacha miaka kumi ya mazoezi humo, leo anatafuta mashine kuukuu ya kuyafungulia.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zikaja hizi tunazozibishania: Edirol R-09 na Zoom H4 mwaka 2006, Zoom H2 mwaka 2007, Zoom H1 mwaka 2010. Hazina mota wala ukanda. Maikrofoni mbili zimejengwa juu yake, sauti inaingia kwenye kadi ya kumbukumbu kama faili ya WAV ambayo kompyuta yoyote inaifungua. Miaka ya karibuni, kwa mfano kwenye H1essential ya mwaka 2024, umeingia mfumo wa biti 32 wa floti, unaobeba sauti ya kunong'ona na ya kishindo pamoja bila wewe kupanga kiwango. Ile tabia ya kujipunguza na kujiongeza imepata dawa. Lakini msidanganyike: kishindo kikizidi uwezo wa maikrofoni yenyewe, hakuna biti itakayoiokoa.

Na simu? Simu ni mjukuu wa Edison. Imetengenezwa kwa maneno. Simu nyingi hupanga kiwango zenyewe, na programu zake nyingi hujaribu kuondoa kelele ili sauti ya mtu isikike. Kwake yeye tumba na mvumo wa kinanda vinaweza kuwa kelele. Kukumbuka wazo la kiitikio ndani ya daladala, simu ni rafiki mkubwa, na mimi naitumia. Kupima zoezi la watu wanane, inarudia uongo wa redio kaseti.

Mzee na simu

Kuna sababu nyingine ambayo sikuipata vitabuni. Mwalimu wetu wa gitaa ni mzee wa miaka sabini na kitu, aliyewahi kupiga bendi za miaka ya sabini. Anazijua nyimbo ambazo bendi yake haikuwahi kuzipeleka redioni, na anazipiga pale tu mazoezi yanapokwisha, tukikunja nyaya. Ukiinua simu mbele yake anakaa kama anapigwa picha ya pasipoti. Vidole vinakauka. "Acheni hayo, wanangu," anasema, na wimbo unaishia hapo. Kwake simu ni jicho, siyo sikio.

Kwa hiyo nilipowaambia wenzangu haya yote nilimalizia kwa Mzee. Studio itatupa wimbo mmoja wa kwetu. Kitu kidogo kilichokaa juu ya stuli tangu mwanzo wa zoezi, kikazoeleka kama kopo la chai, kitatupa makosa yetu yote na hizo nyimbo zake. Mpiga besi alikaa kimya kwa muda, akauliza, "Na studio?" Nikamjibu kwamba tutakwenda tukijua tunachokwenda kukifanya. Tumepiga kura: watano kwa watatu. Kinasa sauti kimeshinda.

Kwa msomaji aliye kwenye ubishi kama wetu, haya ndiyo historia imenifundisha kuyaangalia. Mashine iwe na kiwango unachokipanga mwenyewe, au ule mfumo wa floti. Iwe na maikrofoni mbili, ili usikie nani yuko kushoto na nani anamfunika nani. Itumie betri zinazopatikana kwa Mangi usiku, siyo ya aina yake peke yake. Inase WAV: kwa kiwango cha CD saa moja ni kama megabaiti 635, hivyo kadi ya gigabaiti 32 inabeba karibu saa 50, yaani zaidi ya wiki nane za mazoezi ya saa tatu mara mbili kwa wiki. Usiiweke juu ya spika wala sakafuni karibu na dramu. Iweke kimo cha sikio, hatua mbili tatu mbele yenu, na mjaribu kwanza kwa chemko, siyo kwa ubeti wa pole. Na faili zikae mahali pawili, kwa watu wawili.

La mwisho ni la bure. Kabla hamjaanza, mmoja asogee karibu na maikrofoni aseme tarehe, mahali, majina ya waliopo na jina la wimbo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sauti nazo ni mali, na daftari lake ni sekunde kumi za kusema ninyi ni nani.